Stempu ya mbao, jaketi la bodaboda na nembo za bibi: niliyoyaongea Mtwara

Shikamooni wazee wangu, shikamooni mama zangu, na nyie wenzangu mambo vipi. Wale mliosimama mlangoni ingieni basi, viti vipo, wala sitamnyanyua mtu kumuuliza swali. Mtwara kuchele! Hamjaamka nyie. Mtwara kuchele! Haya, sasa tupo.

Mi nasoma mitindo Dar, nipo mwaka wa mwisho, ila kwetu ni hapa hapa Mikindani, kuna watu humu ndani wananijua toka nauza visheti vya mama. Nimepewa mada inaitwa kijana na ubunifu wa mavazi, mada ambayo ukiianza leo unamaliza kesho kutwa, kwahiyo waandaaji mnisamehe, ntaongelea kipande changu tu ninachokijua: kitambaa unachokichapa kwa mkono wako mwenyewe, na watu wa mtaani wanaovaa kivyao bila kumuomba mtu ruhusa. Watu wengi wanaona hivyo vitu haviendani, yani kimoja cha makumbusho na kingine cha wahuni. Mi nasema ni kitu kimoja, na nasema kitambaa cha mkono kinakufa pale tunapokichapa kwa ajili ya mtalii na kukisahau kijiwe. Huo ndo ugomvi wangu wa leo, anaebisha abishe mwishoni.

Chuoni tulipewa kazi. Chagua kundi la watu wenye mvao wao, kaa nao, waangalie, afu wachapie kitambaa kwa mkono, hamna kupeleka kwa mtu wa mashine. Wenzangu wengi wakaenda mbali. Wapo waliochukua mapanki wa London wa miaka ya 1970, wale wa nywele zilizosimama na pini kwenye nguo, Vivienne Westwood na Malcolm McLaren walikuwa na duka lao pale King's Road wanachapa tisheti maneno ya kuudhi watu, wanazichana, wanaziunga tena kwa pini. Wapo waliochukua watoto wa Harajuku kule Tokyo, wale ambao jarida la FRUiTS lilianza kuwapiga picha 1997, mtu kavaa rangi zote zilizopo duniani kwa siku moja. Na mmoja, nampa heko zake, alichukua masapeur wa Kinshasa na Brazzaville, mwanaume anakaa chumba kimoja mtaa wa vumbi ila akitoka suti yake, kofia yake, soksi zimeendana na tai, anatembea taratibu kabisa maana akiwahi atafika kabla hajaonekana.

Mi nikasema nachukua bodaboda wa Mtwara. Darasa zima kicheko. Mtu mmoja akauliza, kwani bodaboda wana mtindo gani, si wanavaa tu?

Wanavaa tu. Haya, hebu tuwaangalie.

Alfajiri, stendi. Kijana kavaa jaketi zito la mtumba, lile la baridi ya Ulaya, na sisi hapa tunalijua joto letu. Kalivaa kinyume. Zipu ipo mgongoni, mgongo wa jaketi upo kifuani. Ukimuuliza kwanini anakushangaa, upepo dada, zipu inapitisha upepo, kifua kinauma. Huyu kachukua nguo iliyochorwa na mtu wa nchi nyingine kwa ajili ya mwili unaotembea kwa miguu, kaigeuza ikafaa mwili uliokaa kwenye pikipiki saa kumi na mbili asubuhi barabara ya Mikindani. Mi ningeambiwa hilo wazo limetoka chuo ningeamini. Chini suruali ya modo imechanika gotini, kandambili juu ya soksi, na soksi lazima iwe nyeupe sijui anaifuaje. Helmeti ipo kiwikoni (sijasema kitu, mapolisi kama mpo humu). Na pikipiki nayo inavalishwa, kava la siti lina nyuzi zinaning'inia, madigadi imeandikwa maneno, kioo kimefungwa ua la plastiki. Kijiwe kimoja kikianzisha kitu, haipiti muda kijiwe cha pili wamejibu, na wakijibu hawaigi, wanaongeza chumvi. Sasa kama huo sio mtindo, mtindo ni nini?

Naona wazee wanatikisa vichwa. Wazee msinifanye niseme. Nani alikuwa anavaa bugaluu humu? Nani alikuwa anafagia barabara na pekosi, na viatu vya raizoni, vile vya soli ndefu, unafika kwenye ngoma kabla suruali yako haijafika? Picha zipo majumbani, tumeziona kwenye zile albamu, mnakaa kwenye kiti cha studio mguu mmoja mbele. Na mnakumbuka 1968 vijana wa TANU walipopitisha Operesheni Vijana, wakapiga marufuku sketi fupi na mawigi na suruali za kubana na krimu za kujichubua, ianze Dar es Salaam Januari 1969. Wasichana walivutwa nguo mtaani. Hoja ilikuwa kwamba zile nguo sio utamaduni wetu, na mabinti wa mjini wakajibu kwamba hata suti za hao wanaokataza hazikushushwa na mababu. Huo mjadala haujaisha, leo tunaufanya kwenye suruali za kata K na nywele za viduku, watu walewale wamebadilishana viti.

Ukirudi nyuma zaidi kuna beni. Hiyo ngoma ilitembea pwani yote na bara, kuanzia miaka ya mwisho ya 1800 mpaka baada ya vita ya kwanza, vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti, wanapiga tarumbeta na magwaride, wanashonesha yunifomu za wanamaji na maafisa, wanapeana vyeo, wanashindana nani kapendeza. Marini walijiona watoto wa mjini wenye nazo, Arinoti wakajibu mapigo kivyao. Wakoloni walikuwa hawajui waogope au wacheke. Kwahiyo ukimuona kijana wa leo anabishana na kijiwe cha jirani kwa nguo, ana wazee wake katika hilo jambo.

Sasa tuje kwenye kitambaa, na hapa naomba mama zangu mnisikilize maana mmevaa ushahidi.

Karne ya 19 pwani hii ilikuwa na vitambaa viwili vya watu wa chini. Merikani, pamba isiyopaushwa, iliyokuwa inaletwa Zanzibar kwa meli na wafanyabiashara wa Marekani, na kaniki, ambayo ni pamba iliyotiwa rangi ya bluu nzito mpaka inaonekana nyeusi. Mtumwa alikuwa anavaa hizo. Na sisi watu wa Mtwara na Lindi tusijifanye hatujui, Mikindani, Lindi, Kilwa Kivinje, zote zilikuwa bandari za watu kuuzwa, na Masasi misheni ile ilianzishwa 1876 na watu waliotolewa utumwani. Utumwa ukakomeshwa kisheria Zanzibar 1897, na wanawake waliotoka kwenye utumwa kitu mojawapo walichofanya ni kuitupa kaniki wakanunua kanga. Kanga ndo ilikuwa inaingia mjini. Inasimuliwa ilianzia kwenye leso, wanawake wananunua leso za mraba bado hazijakatwa, wanaziunga sita sita, wanapata nguo moja kubwa ya kujifunga ambayo jirani hana. Wafanyabiashara walipoona wakaanza kuchapa kitambaa kizima, na zile za mwanzo zilichapwa kwa mkono, kwa vibao vya kuchonga. Toleo jipya likitoka mwanamke hakubali kupitwa.

Naomba mtulie hapo kidogo. Mtu jana alikuwa anaamriwa avae nini. Leo anaenda dukani na pesa yake anachagua maua, anachagua pindo, anajifunga anapita palepale walipokuwa wanamuona na kaniki. Yule ndo mtu wa kwanza wa mtindo wa mtaani pwani hii, na kanga ilikuwa nguo ya kujitangaza. Haikuanza kama nguo ya heshima ya msibani, heshima ilikuja baadae baada ya kila mtu kuwa nayo. Maneno nayo yalikuja baadae, na anaetajwa sana ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, yule ambaye kanga zake zina chapa ya Mali ya Abdulla, mwanzoni kwa herufi za Kiarabu. Baadae tena viwanda, India, Japani, afu vya kwetu, Urafiki pale Dar kilifunguliwa 1968 kwa msaada wa China. Vibao vikakosa kazi.

Mi sina ugomvi na kiwanda, kanga niliyojifunga ni ya kiwanda. Ila kuna kitu kiwanda hakiwezi: hakiwezi kuchapa nguo kumi na mbili za kijiwe kimoja. Kiwanda kinataka maelfu ya mita ya ua moja. Mtaa unataka vichache, unavitaka wiki hii, na unataka kijiwe cha pili wasiwe navyo. Hiyo nafasi ni ya mtu mwenye stempu na meza.

Kuna jamaa mmoja wa New York anaitwa Dapper Dan, alifungua duka Harlem 1982. Wateja wake wanamuziki wa rap, mabondia, na watu wa biashara ambazo hatutazitaja mbele ya wazee. Hao watu wanataka Gucci na Louis Vuitton, na hizo kampuni kipindi kile hazikuwa zinatengeneza majaketi ya aina wanayoyataka. Akajifunza kuchapa ngozi mwenyewe kwa skrini ya kuchapia, zile nembo za kampuni anazijaza jaketi zima, mikono mikubwa, kola ya manyoya. Mawakili wa makampuni wakamshukia mpaka 1992 akafunga. 2017 Gucci wakatoa jaketi ambalo kila mtu aliliona ni la kwake la zamani, watu wakapiga kelele mitandaoni, mwisho wakamfuata wakafanya nae kazi. Kutumia nembo ya mtu sheria haikuruhusu, tusidanganyane, na mi simwambii mtu hapa akachape Gucci. Ninachowaonesha ni kwamba nyumba kubwa ya Ulaya ilikuja kunakili mkono wa mtu wa mtaani, sasa jiulize wakija Mtwara watakuta nini cha kunakili.

Watakuta vingi tu. Huko Masasi alizaliwa George Lilanga, 1934, Mmakonde, akajifunza kuchonga kama wengine, akaenda Dar akaingia Nyumba ya Sanaa, na alianza pale kama mlinzi. Baadae yale mashetani yake ya masikio makubwa na matumbo na vidole viwili vitatu akayatoa kwenye mti akayahamishia kwenye ngozi ya mbuzi, kwenye batiki, mpaka kwenye mageti ya chuma. Alifariki 2005 na kazi zake zipo kwenye makumbusho ya nje. Yani mtu wa huku alishaonesha kwamba kinachochongwa kinaweza kuhamia kwenye kitambaa, na hakikuhama kikiwa kimepoa, kilihama kinacheka.

Haya, kazi yenyewe.

Nilienda kwa fundi mchongaji, babu mmoja, nikamwambia babu naomba unichongee stempu. Akaniuliza ya muhuri wa serikali ya mtaa? Nikamwambia ya kuchapia nguo. Akaigeuza geuza ile karatasi yangu, akasema mjukuu wangu, mi nimezoea kuchonga mtu anaonekana pande zote, wewe unataka nichonge kitu ambacho chenyewe hakionekani, kinaonekana kilichobaki. Basi ndo hivyo hasa. Mpingo akaukataa hapohapo, mzito, ghali, na una vibali vyake, akachukua kipande cha mninga kilichobaki kwa seremala. Uso wa ubao ukasuguliwa msasa mpaka ukilaza rula mwanga haupiti. Akachimba sehemu zisizotakiwa kina cha kama ukucha wa kidole gumba, na kuta za mchoro akaziacha zimelala kidogo, zimepanuka chini, maana ukichimba wima mchoro mwembamba unakatika siku ya pili tu ukiugonga. Nyuma akapigilia mshikio. Akaukalisha kwenye mafuta.

Kuchapa nako kuna siri zake ndogo ndogo. Meza yako isiwe ngumu, tandika blanketi, juu yake kanga kuukuu, uvute isiwe na kunyanzi. Rangi usichovye stempu kwenye ndoo, chukua sponji la godoro liweke kwenye sinia, pakaa rangi pale, stempu inakunywa kwenye sponji. Weka, bonyeza kwa kiganja, gonga ngumi moja tu mgongoni mwa stempu, nyanyua wima. Ukiburuza umeharibu. Na usiogope stempu moja ikatoka nyeusi nyingine imefifia, hapo ndo mtu anajua huu ni mkono, mashine haina pumzi. Kama huna mchongaji anza na bamia. Nyie mnacheka, kata bamia kati kwa kisu kikali, iache ikauke ute kidogo, chapa, utapata nyota ya pembe tano ambayo ukiambiwa uchore huwezi.

Kabla hujachapa jua unachapia nini. Majaketi ya mtumba mengi ni poliesta. Chomoa uzi mmoja, uchome na kiberiti: pamba inaungua kama karatasi inaacha jivu, poliesta inayeyuka inaganda kitone kigumu. Pamba inakubali rangi za kuloweka, poliesta itakukatalia, hiyo ipe rangi ya kuchapia yenye gundi yake na baada ya kukauka piga pasi ya moto kwa ndani, bila pasi mvua ya kwanza mteja anarudi na jirani zake.

Na kwa wenye pamba, jamani, tunakaa kwenye rangi. Kila mama hapa anajua doa la bibo, lile tunda la mkorosho, kwenye shati jeupe la shule, utalifua mpaka mtoto amalize darasa la saba. Sasa ule ungozi mwekundu mwembamba wa ndani wanaoutoa kina mama wanaobangua korosho, ule unaopepetwa unatupwa, una kitu hichohicho kinachokausha mdomo ukitafuna, ukichemsha unapata maji ya kahawia. Loweka pamba humo, ikauke. Pembeni weka misumari yenye kutu kwenye siki siku kadhaa. Ukiichovya ile nguo ya kahawia kwenye maji ya kutu inageuka kijivu mpaka nyeusi mbele ya macho yako. Kule Mali wanafanya kwa majani na tope la mtoni, kazi ni ileile. Ila kutu kidogo kidogo, ukizidisha chuma kinakula pamba na nguo inachanika yenyewe kabatini. Na usichanganye mambo, ni ungozi wa ndani nasemea, sio ganda la nje, ganda la nje lina mafuta yanayobabua, waulizeni wabanguaji wawaoneshe mikono yao.

Muhogo pia. Wayoruba wa Nigeria wana kitambaa chao cha adire, aina moja wanachora kwa uji mzito wa muhogo, ukikauka wanatumbukiza kwenye rangi ya bluu, rangi haipiti palipo na uji, wakibandua panabaki peupe. Sisi muhogo tunao mpaka wa kuwapa mbuzi, afu kikundi cha batiki kinalia nta ya kuzuia rangi imepanda bei. Masharti ni rangi iwe ya baridi, ukitumia ya moto uji unarudi kuwa uji. Na wenzangu wa batiki, zile kemikali za rangi, kostiki na haidrosi, vaeni glavu, maji kwanza afu kostiki juu yake, usimwagie maji kostiki, itakurukia usoni.

Sasa michoro, na hapa pana mambo. Bibi yangu mzaa mama ana nembo usoni, zile za kuchanjwa, mistari ya pembe pembe inayopandana. Kizazi chake kikiondoka hatuzioni tena kwenye ngozi ya mtu, mtaziona kwenye picha za Wajerumani, mtafiti wao Karl Weule alipita Newala 1906 na kamera yake. Nikazichora kwenye karatasi, nikampelekea bibi. Nikamwambia bibi nataka kuzichapa kwenye nguo za vijana. Aliishika ile karatasi muda mrefu. Akaweka kidole, hii chapa. Hii chapa. Hii hapana. Nikauliza kwanini, akasema hapana, akaomba maji. Basi ile sijaichapa, na haipo kwenye daftari langu tena. Mtu akikwambia mila ni mali ya wote chukua tu, mwambie kwanza ana bibi wa kumuuliza?

Nikarudi kijiweni na sampuli. Moja ilikuwa na sura ya mapiko, lile barakoa la ngomani, nzuri haswa, babu aliichonga ikatoka na meno. Moja nembo za bibi. Moja herufi za stensili, zile nene zilizokatika katika unazoziona nyeusi kwenye gunia la korosho, nilizikata kwenye filamu ya eksirei ya zamani. Wale jamaa wakaliangalia lile barakoa, wakaangaliana, mmoja akasema sista, hii peleka wazungu. Hakuwa na ubaya, alikuwa ananisaidia. Wakadaka zile herufi za gunia. Mmoja akasema sisi ndo tunabeba mzigo si ndio, tuandike kama mzigo. Wakataka jina la kijiwe kwa herufi za gunia, na nembo za bibi zishuke mkononi kuanzia begani, na sio kifuani. Wapi jina? Mgongoni mwa jaketi. Kwasababu jaketi linavaliwa kinyume, mgongo ndo unakuja mbele, kwahiyo mtu akiwa mbele yako anaona jina linamjia. Wakati nachora chuoni sikuambiwa na kitabu chochote kwamba mgongo wa nguo unaweza kuwa uso wake, nimeambiwa stendi.

Na majaketi yalikuwa ya kwao. Hapa washonaji nawasemesha nyie. Sikuwauzia nguo, niliwauzia stempu juu ya nguo waliyonayo, mtu anavua anasubiri anavaa. Bodaboda hana pesa ya jaketi jipya la mbunifu, na hata akiwa nayo hawezi kulivaa kwenye vumbi na oili. Ila buku kadhaa ya kuchapiwa anatoa leo leo, ilimradi kijiwe cha pili hawajachapiwa ileile. Na hiyo ndo ahadi unayotakiwa kuitunza, maana watakuja kijiwe cha pili, watakuja tu, na watakuambia tuchapie kama wale. Usikubali. Wachapie yao. Ukiuza jina la kijiwe kimoja kwa kingine umemaliza wateja wa vijiwe vyote viwili siku moja.

Wadada wa saluni mmeninunia naona, mnasema mbona bodaboda tu. Nyie mnakuja, aproni za saluni zile za nailoni nyeusi mnazovalishwa zinaniuma, na wale wa madera nao, dera la pamba jeupe likichapwa pindo kwa nembo halina mpinzani mjini. Tuongee nje.

Mada imeisha upande wangu. Meza zipo pale chini ya mwembe, blanketi limetandikwa, stempu za babu zipo, herufi za gunia zipo, rangi nyeusi ipo ya kutosha, nyekundu imebaki kidogo sana msiigombanie. Mwenye tisheti ya kampeni ambayo anavalia shambani ailete, tunaigeuza ndani nje tunaichapa upande wa pili. Watoto wabaki upande wa bamia. Maswali? Naona mkono wa mzee pale nyuma, mzee karibu, ila kama ni kuhusu bugaluu yako ntataka tuione kwanza.